Bruly Bouabré: Karani Aliyekataa Kusahau

Anayetaka kumwona msomi wa Afrika kwa kawaida humtafuta chuo kikuu. Huuliza shahada alizo nazo, vitabu alivyochapisha na miji ya ng'ambo alikosomea. Ni wachache ambao wangefikiria kumtafuta katika ofisi ya serikali, nyuma ya meza ya karani wa kawaida, kati ya mafaili na mihuri. Hata hivyo, nyuma ya meza ya namna hiyo ndiko alikokaa kwa miaka mingi Frédéric Bruly Bouabré wa Côte d'Ivoire, mtu ambaye hakufundishwa uchoraji katika chuo chochote, na ambaye michoro yake midogo ya kalamu ya wino mweusi, iliyozungushiwa maneno pande zote nne, inahifadhiwa leo katika majumba ya makumbusho yenye sifa kubwa duniani.

Bouabré alifariki mwaka wa 2014. Zaidi ya miaka kumi imekwisha kupita, na jina lake bado halijulikani sana katika madarasa yetu ya Afrika Mashariki. Makala haya yanasimulia maisha yake kwa sababu moja. Kila mwalimu wa lugha, awe anafundisha Kiswahili, Kiluo, Kikamba au Kigiryama, hukabiliwa na swali lile lile lililomkabili karani huyu: je, maneno ya watu yanaponaje yasipotee pamoja na wazee wanaoyasema? Maisha ya Bouabré yana jibu la swali hili. Sehemu ya jibu hilo imo katika yale aliyofanikiwa kuyatenda, na sehemu nyingine, ambayo huenda ndiyo yenye mafunzo zaidi, imo katika lile lililomshinda.

Alizaliwa mnamo mwaka wa 1923 hivi katika kijiji cha Zéprégühé, karibu na mji wa Daloa, katika nchi ya Wabété iliyo magharibi ya kati mwa Côte d'Ivoire. Kama ilivyokuwa kwa watoto wengi wa kizazi chake, mwaka huo ni wa kukadiria. Nchi ilikuwa chini ya Wafaransa, na wenyeji walikuwa wakilazimishwa kufanya kazi za barabara na mashamba bila hiari yao, dhuluma ambayo ilikuja kupigwa marufuku na sheria mwaka wa 1946. Kwa Kibété jina lake lilikuwa Gbeuly Gboagbré. Lakini Kifaransa hakina sauti ile nzito ya midomo na koo ambayo Wabété huitamka mwanzoni mwa jina kama hilo, na kwa hiyo, lilipoingia katika maandishi ya wakoloni, likageuka kuwa Bruly Bouabré. Msomaji na alizingatie jambo hili. Kabla kijana huyu hajajua maana ya alfabeti, tayari jina lake mwenyewe lilikuwa limekatwa na kushonwa upya ili litoshe katika herufi za kuazima.

Alikuwa miongoni mwa watoto wa kwanza wa eneo lake kutiwa katika shule ya Wafaransa. Elimu ya shule hizo ilitolewa kwa Kifaransa peke yake. Katika makoloni ya Ufaransa ya Afrika Magharibi, mtoto aliyeteleza ulimi na kusema lugha ya mama yake aliweza kuvishwa kitu cha aibu shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenziwe katika kosa hilo hilo na kumkabidhi. Wakenya wengi wenye mvi hawahitaji kuelezwa zaidi, kwa kuwa mchezo huo mchungu waliuona katika shule zetu pia, ila hapa lugha iliyotukuzwa ilikuwa Kiingereza. Kutoka shule ya namna hiyo mtoto alitoka na vitu viwili: ujuzi wa kusoma na kuandika, na fununu kwamba yale yaliyosemwa nyumbani kwao hayakustahili kuandikwa. Bouabré alikipokea kile cha kwanza kwa mikono miwili. Kile cha pili alishindana nacho maisha yake yote.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alitumika katika jeshi la majini la Wafaransa, na baada ya hapo akaajiriwa kuwa karani jijini Dakar, mji uliokuwa makao makuu ya utawala wa Ufaransa katika Afrika Magharibi yote. Ukarani wa wakati huo ulikuwa kazi ya heshima kwa kijana wa Kiafrika. Ulimfundisha kuandika kwa mwandiko ulionyooka, kutia tarehe, kupanga mambo kwa nambari na kutunza kumbukumbu. Tabia hizo za ofisini ndizo zilizokuja kuwa mbinu za sanaa yake.

Tarehe 11 Machi 1948, akiwa huko Dakar, Bouabré alipata maono. Kwa maelezo aliyoyatoa mwenyewe miaka yote iliyofuata, mbingu zilifunguka mbele yake, na majua saba yenye rangi mbalimbali yakalizunguka jua moja kwa duara la uzuri, jua hilo likiwa kama mama yao. Tangu siku hiyo alijiita Cheik Nadro, yaani yule asiyesahau. Wapo wanaoyapokea maono hayo kama wito wa mbinguni, na wapo wanaoyaona kama ndoto ya kijana aliyekuwa mbali na kwao. Makala haya hayana haja ya kuamua ugomvi huo. Linalotupasa kulitazama ni lile alilolifanya kesho yake na kesho kutwa yake. Watu wengi wamepata kuona maono. Wachache miongoni mwao walichukua kalamu na daftari, wakaanza kuandika kila walichokiona kwa muda wa miaka 65 bila kuchoka.

Aliandika hadithi, desturi, imani, mafumbo na historia ya watu wake. Baadaye alifanya kazi na taasisi ya utafiti ya Wafaransa iliyojulikana kwa jina la IFAN, akiwasaidia wataalamu waliokuja kuchunguza maisha ya Wabété. Hapo akakutana ana kwa ana na utata ambao kila mkusanyaji wa fasihi simulizi anaufahamu. Kibété ni lugha ya toni: neno likipandishwa sauti lina maana hii, likishushwa lina maana ile, kama ilivyo katika Kiluo au Kikuyu. Herufi za Kifaransa, zilizoshindwa hata kulibeba jina lake, zingewezaje kuubeba utajiri huo? Kila alipoandika alihisi kwamba kuna kitu kilichomwagika njiani, mithili ya mtu anayeteka maji kwa pakacha.

Akaamua kutengeneza chombo chake mwenyewe. Katika nchi ya Wabété kuna kijiji kiitwacho Békora, ambako huokotwa mawe yenye alama za maumbo kama yaliyochorwa kwa makusudi. Bouabré aliyachunguza mawe hayo na kuhisi kwamba ndani yake mna chanzo cha maandishi. Katika miaka ya 1950 akaunda mfumo mzima wa alama karibu 450, kila alama ikiwa picha ndogo iliyochorwa kwa mistari michache. Alimchora mtu, kiungo cha mwili, chombo cha nyumbani, mnyama au tendo fulani, na jina la kitu hicho kwa Kibété lilikuwa neno la silabi moja. Msomaji aliitazama picha, akalitaja jina, na sauti aliyoitoa ikawa ndiyo silabi inayosomwa. Picha zikipangwa moja baada ya nyingine, silabi zikaungana na neno likasikika.

Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuuelewa mpango huu kwa mfano rahisi. Tuchukue neno paa. Paa ni mnyama wa porini mwenye miguu myembamba. Paa pia ni sehemu ya juu ya nyumba. Kupaa ni kwenda angani, na kumpaa samaki ni kumtoa magamba. Tukikubaliana kwamba picha ya yule mnyama itasomwa paa popote itakapoonekana, basi kwa picha hiyo moja tumeweza kuandika habari ya nyumba, ya ndege na ya samaki. Picha imeacha kuwa mnyama na imekuwa sauti. Hatua hiyo ndogo ndiyo waliyoipiga Wamisri wa kale kandokando ya mto Nile maelfu ya miaka iliyopita, na ndiyo chanzo cha maandishi katika pembe mbalimbali za dunia. Karani wa Kibété aliipiga peke yake kwa subira na kwa kusikiliza lugha ya mama yake. Tena alitumaini kwamba silabi hizo, zikipangwa vizuri, zingeweza kuandika hata lugha za watu wengine.

Mwaka wa 1958, Théodore Monod, mwanasayansi Mfaransa aliyeiongoza IFAN jijini Dakar na kusifika kwa safari zake za jangwa la Sahara, alichapisha habari za maandishi hayo katika jarida la taasisi hiyo. Mtu angetarajia kwamba huo ungekuwa mwanzo wa mambo makubwa. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Agosti 1960, Côte d'Ivoire ilijipatia uhuru. Ingewezekana kudhani kwamba taifa changa lingemwita karani huyu, likamwambia alete alama zake zijaribiwe shuleni. Haikuwa hivyo. Kifaransa kilibaki kuwa lugha ya serikali na ya elimu, na Bouabré akaendelea na utumishi wake wa kawaida. Alama zake zilibaki katika madaftari yake na katika kurasa za jarida linalosomwa na mabingwa wachache.

Hapa hatuna budi kusita kidogo na kuuliza ni kwa nini. Jibu jepesi ni kuwalaumu wakoloni na viongozi waliowarithi, na lawama hiyo ina haki yake. Lakini jibu hilo halitoshi, na historia ya nchi hiyo hiyo inatuonyesha upungufu wake. Mwaka wa 1949, mwaka mmoja tu baada ya maono ya Bouabré, mtu mwingine aliyejisomea mwenyewe, Solomana Kanté kutoka Guinea, alikuwa akiishi Bingerville, karibu na Abidjan. Naye alikuwa amekasirishwa na dai kwamba lugha za Waafrika haziandikiki. Akatunga herufi ziitwazo N'Ko kwa ajili ya lugha za Kimandeng. Kanté naye hakuwa na serikali nyuma yake. Hata hivyo N'Ko ilienea katika Guinea, Mali na Côte d'Ivoire, ikaandikiwa vitabu vya dini, vya tiba, vya hesabu na vya historia, na mpaka leo inasomwa na kuandikwa, hata katika kompyuta na simu.

Tofauti ilikuwa wapi? Kwanza, herufi za Kanté zilikuwa chache, ambazo mwanafunzi aliweza kuzikariri kwa siku chache, ilhali alama karibu 450 zilidai subira ya miezi. Pili, na hili ndilo kubwa, Kanté alikuwa na wanafunzi. Wafanyabiashara waliokuwa wakisafiri kutoka soko hadi soko walijifunza N'Ko, wakaifundisha kwa wenzao usiku baada ya kufunga maduka, na vitabu vikanakiliwa kwa mkono na kupitishwa kutoka kwa huyu hadi kwa yule. Bouabré alikuwa na akili ya mvumbuzi na moyo wa mtunza kumbukumbu, lakini hakuwa na darasa. Maandishi hayadumu kwa sababu ya uzuri wake wala kwa sababu mabingwa wameyasifu katika majarida. Hudumu pale mtu mmoja anapokaa na mwenziwe na kumwonyesha hili linasomwaje. Mwalimu anayesoma makala haya ajue kwamba hapo ndipo ilipo nguvu yake, hata kama mshahara wake hauonyeshi hivyo.

Mtu mwingine angekata tamaa. Bouabré alibadilisha njia. Kuanzia miaka ya 1970, akiwa na umri wa zaidi ya nusu karne, alianza kuchora kwa wingi kwenye vipande vya kadibodi vyenye ukubwa wa kadi ya posta. Kadibodi nyingine zilikuwa zile zinazofungiwa nywele za bandia ambazo wanawake hununua kwa ajili ya kusuka, zikishatumika na kutupwa. Vifaa vyake vilikuwa kalamu ya wino ya kawaida, ile ambayo kila mwanafunzi anayo mfukoni, pamoja na penseli za rangi. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kisichoweza kupatikana katika duka la kijijini.

Mpangilio wa kadi hizo haukubadilika sana. Kwanza alichora fremu kandokando ya kadi. Katikati aliweka picha moja, mistari yake ya nje ikiwa ya wino mweusi na ndani yake ikiwa imepakwa rangi: uso wa mtu, mnyama, tunda, jua, wingu au mkono ulioshika kitu. Kisha akaandika maelezo kwa herufi kubwa za Kifaransa ndani ya fremu, yakianzia upande mmoja na kuzunguka pande zote nne. Anayetaka kuyasoma hana budi kuizungusha kadi mkononi au kuinamisha kichwa. Kwa njia hiyo jicho linalazimika kuizunguka picha nzima kabla ya kumaliza sentensi. Neno halikuwekwa chini ya picha kama mtumishi, wala picha haikuwekwa kando ya neno kama pambo. Viwili hivyo huenda sambamba, kila kimoja kikimshuhudia mwenziwe.

Alichora nini? Alichora kila kitu, na makusudi yake yalikuwa hayo hasa. Mkusanyo wake mkubwa aliuita Connaissance du Monde, yaani Ujuzi wa Ulimwengu. Aliokota ganda la ndizi mbivu, akayatazama madoa meusi yaliyojitokeza juu yake, akayanakili kwenye kadi na kuandika kwamba hiyo ni picha aliyoikuta pale, iliyochorwa na mkono mkuu kuliko wa binadamu. Akafanya vivyo hivyo kwa maganda ya machungwa, kwa kola na kwa mawingu yaliyopita juu ya Abidjan. Alichora nyuso zenye chale za mababu, akaeleza alama hizo, kwa kuwa aliona kwamba desturi hiyo inatoweka na kwamba uso wa mzee ni ukurasa utakaofungwa siku atakapozikwa. Kwake yeye hapakuwa na kitu kisichokuwa na maandishi. Dunia yote ilikuwa imekwisha kuandikwa, na kazi ya mtu ni kujifunza kusoma na kunakili bila kusahau.

Zile alama zake za Kibété nazo hakuzitupa. Mnamo mwaka wa 1991 alizichora upya moja moja, kila alama kwenye kadi yake pamoja na silabi yake, zikawa kadi 449. Alfabeti iliyokosa shule ikawa kazi ya sanaa. Hapo pana furaha na pana huzuni, na sidhani kwamba ni haki kuitaja furaha peke yake.

Umaarufu ulimjia akiwa na miaka zaidi ya 60. Mwaka wa 1989 yalifanyika jijini Paris maonyesho makubwa yaliyoitwa Magiciens de la Terre, yaliyosimamiwa na Jean-Hubert Martin. Wasanii zaidi ya 100 kutoka kila bara waliwekwa pamoja kwa usawa, jambo ambalo halikuwa la kawaida wakati huo, kwani kazi za Waafrika zilizoea kuwekwa katika makumbusho ya mila na desturi na si katika majumba ya sanaa ya kisasa. Mtafiti André Magnin alikuwa amemtafuta Bouabré jijini Abidjan, na kadi zake zikasafiri kwenda Ufaransa. Baada ya hapo milango ilifunguka. Mwaka wa 1994 kazi zake zilionyeshwa New York pamoja na za Mwitaliano Alighiero Boetti. Mwaka wa 2002 zikawa Kassel, Ujerumani, katika maonyesho ya Documenta yaliyoongozwa na Mnigeria Okwui Enwezor. Mwaka wa 2013 zikawa Venice. Tajiri Jean Pigozzi alikusanya kadi zake kwa wingi, na mwaka wa 2019 akaipa baadhi ya kazi hizo Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York, ambayo mwaka wa 2022 iliandaa maonyesho yaliyohusu Bouabré peke yake.

Heshima hizo zote alizistahili. Lakini wahakiki wengi wa ng'ambo walimwita nabii, wengine wakamweka katika kundi la wachoraji wa asili wasio na elimu, kana kwamba alichora kama ndege anavyoimba. Majina hayo yanapotosha. Huyu alikuwa karani aliyesoma, mtafiti aliyefanya kazi na wataalamu, mwandishi aliyejaza madaftari na mtu aliyebuni mfumo wa maandishi kwa kuzichanganua sauti za lugha yake. Kutofundishwa uchoraji si sawa na kutokuwa na elimu. Alijifundisha, na anayejifundisha ana mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja, ambao wote wawili hawapati likizo.

Jambo jingine la kutafakari ni kwamba maneno ya kadi hizo ni ya Kifaransa. Wapo waliomshangaa kwa hilo: vipi mtetezi wa Kibété aandike kwa lugha ya mtawala? Yeye mwenyewe alitaka ujumbe wake uwafikie watu wote, na Kifaransa ndicho kilichokuwa mkononi mwake. Lakini alikitumia kama mtu anavyotumia jembe la jirani kulima shamba lake mwenyewe. Picha iliyokaa katikati ni ya kwao, mawazo ni ya kwao, na maneno ya kigeni yamepangwa pembeni yakiilinda kama ua linavyoulinda mji. Mwandishi wa Kiafrika anayeandika kwa Kiingereza angefanya vyema kujiuliza ni nini kilichokaa katikati ya ukurasa wake.

Uzee haukumfunga Bouabré katika mambo ya kale. Mwaka wa 2010 na 2011, wakati nchi yake ilipokuwa ikichinjana kwa sababu ya uchaguzi wa rais uliozua utata, yeye alikuwa akichora mfululizo wa kadi zinazohusu kura, zenye bendera za mataifa na masanduku ya kupigia kura, akiieleza demokrasia kuwa ni elimu ya usawa. Sisi tulioyaona ya mwisho wa mwaka wa 2007 na mwanzo wa 2008 hatuhitaji mfasiri wa kadi hizo. Mzee wa miaka karibu 90, aliyezaliwa zama za kulazimishwa kazi, alikuwa akiwakumbusha wajukuu kwamba karatasi ya maskini ndani ya sanduku ina uzito sawa na ya tajiri. Aliaga dunia jijini Abidjan tarehe 28 Januari 2014.

Sasa turudi nyumbani, kwa kuwa nasi tuna wasiosahau wetu. Katika karne ya 19 kule Mombasa aliishi Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mtu ambaye jina lake linadai kwamba hakujua, ilhali kichwa chake kilikuwa maktaba. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mnamo mwaka wa 1840, yangetoweka kama moshi lau si Mwalimu Sikujua kuyakusanya kutoka vinywani mwa watu na kumsaidia mmisionari W. E. Taylor kuyahifadhi. Yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, herufi ambazo Waswahili walikuwa wamekwisha kuzitumia kwa karne kadhaa kuandikia tenzi, barua na hati za mali. Leo ni wanafunzi wangapi wa Kiswahili nchini wanaoweza kuusoma ukurasa mmoja wa hati hizo za Lamu, Pate na Mombasa? Hazikuchomwa moto na mtu yeyote. Ziliachwa kufundishwa tu, na hilo lilitosha kuzifanya ziwe picha za kutazamwa nyuma ya kioo, kama zilivyo sasa alama za Wabété.

Hilo ndilo funzo ambalo maisha ya Bouabré yanatuachia. Hatumwombi kila mwalimu abuni alfabeti. Tunachoomba ni kidogo zaidi, na kwa hiyo hakina kisingizio. Mwanafunzi wa shule ya upili ana kalamu ya wino. Duka lililo karibu na shule lina maboksi yanayotupwa kila jioni. Nyumbani ana nyanya au babu anayejua majina ya miti, ya magonjwa, ya misimu na ya vyombo ambavyo havitumiki tena. Mwalimu akimtuma mwanafunzi huyo aende kwa mzee, achore kitu kimoja katikati ya kipande cha boksi, kisha aandike pembeni jina lake na matumizi yake kwa lugha ya mzee huyo na kwa Kiswahili, gharama yake ni nini? Darasa la wanafunzi 40 litarudi na kadi 40. Mwisho wa mwaka shule itakuwa na kamusi yenye picha ambayo hakuna mchapishaji aliyewahi kuichapisha.

Kazi hiyo inahitaji kufanywa mapema, na isiishie kabatini. Kadi za mwaka huu zisomwe na darasa la mwaka ujao, nalo liziongeze. Bouabré alifanya peke yake kazi ya watu 40, akafaulu kuikumbuka dunia nzima, akakosa tu wa kumrithi mezani pake. Mwalimu wa Kenya anao warithi hao, wameketi mbele yake kila asubuhi na kalamu zao mikononi.